Wachezaji wanakufa mapema au wanatajirika hadi wanachoka: tatizo la gemu yenu liko wapi?

Swali: "Sisi ni wanafunzi wanne. Katika gemu jamu (tukio la kutengeneza gemu kwa muda mfupi) ya saa 48 tulitengeneza gemu ya kusimamia rasilimali: koloni kwenye sayari ngeni. Mchezaji anaanza na chakula 30, chuma 40 na wakazi 5. Kila mkazi anakula chakula 1 kila sekunde 10. Shamba linagharimu chuma 20 na kutoa chakula 3 kila sekunde 10. Mgodi unagharimu chuma 25 na kutoa chuma 4 kila sekunde 10. Kila jengo linahitaji mkazi mmoja na linajengwa kwa sekunde 15. Kila sekunde 30 kuna nafasi moja kati ya nne ya kontena kushuka na chuma 20. Kila dakika, akiba ya chakula ikiwa 20 au zaidi, mkazi mpya anaingia. Chakula kikishuka chini ya sifuri, mchezo umeisha. Waliocheza wengi walikufa kabla ya dakika mbili. Waliobaki walijaza chuma hadi wakasema hakuna cha kufanya. Tumebadilisha namba mara nyingi bila mafanikio, na kwenye kompyuta ya mwenzetu mmoja gemu inakwenda kasi kuliko kwetu. Tuna wiki mbili kabla ya kuionyesha chuoni. Tuongeze oksijeni na majanga, au tufanye nini?"

Jibu:

Kwanza hongereni kwa kuimaliza. Gemu inayoanza, inayochezeka na inayoisha ndani ya saa 48 ni kazi, na gemu za usimamizi ni ngumu zaidi kwa muda huo kwa sababu kosa lake halionekani kwenye skrini kama mhusika anayepenya ukutani. Linajificha kwenye hesabu.

Kama nimewaelewa, mnahisi gemu ni ngumu mno mwanzoni na rahisi mno mwishoni, kwa hiyo mmekuwa mkipunguza ugumu hapa na kuuongeza pale. Na mnadhani kwamba rasilimali ya tatu pamoja na majanga vitaleta uhai. Nina mashaka na yote mawili. Namba zenu si mbaya sana. Tatizo ni njia ambazo rasilimali zinapita, yaani zinaingilia wapi, zinatokea wapi, na nani anaamua. Lakini kabla ya yote hayo kuna saa ya gemu. Msiguse namba nyingine yoyote kabla ya kuirekebisha.

Mwenzenu ambaye gemu yake inakimbia huenda ana skrini inayochora fremu, yaani picha moja moja za gemu, nyingi zaidi kwa sekunde. Ikiwa msimbo wenu unaongeza chakula au kusogeza kipima muda katika kila fremu, basi kompyuta ya fremu 144 kwa sekunde inaendesha koloni mara 2.4 ya kasi ya kompyuta ya fremu 60. Uwiano wa chakula na ulaji haubadiliki, lakini muda wa binadamu wa kusoma, kufikiri na kubonyeza umekatwa hadi chini ya nusu. Maana yake, maoni yote mliyokusanya yametoka kwenye gemu mbili tofauti.

Dawa yake ni hii. Wekeni kigezo kimoja (namba inayotunzwa na msimbo) kinachokusanya muda uliopita tangu fremu iliyotangulia. Mkitumia programu ya kutengenezea gemu, Godot inawapa muda huo kama delta ndani ya _process, na Unity kama Time.deltaTime. Kigezo kikifika sekunde 1, toeni 1 kisha endesheni hatua moja ya uchumi: uzalishaji, ulaji, ujenzi. Hapo kuna mitego mitatu. Toeni 1, msikirudishe kigezo kwenye sifuri, la sivyo vipande vya sekunde vinapotea na saa inachelewa kidogo kidogo. Tumieni kitanzi cha while (kinachorudia) badala ya if (inayokagua mara moja tu), ili fremu nzito ikichukua sekunde 2 hatua zote mbili zifanyike. Halafu wekeni kikomo cha muda unaokubaliwa kwa fremu moja, tuseme sekunde 2, hasa kama gemu inachezwa kwenye kivinjari: mchezaji akihamia kichupo kingine kivinjari husimamisha uchoraji, na akirudi baada ya dakika tatu anaweza kukuta koloni nzima imekufa kwa njaa katika fremu moja. Kikomo hicho kinaifanya gemu isimame naye.

Wakati mko humo, hifadhini rasilimali kama namba kamili. Chuma 19.6 kikionyeshwa kama 20, mchezaji anabonyeza shamba, kitufe kinakataa, na anaamini gemu ni mbovu. Hajakosea.

Sasa tuje kwenye vifo. Chukueni lahajedwali, kila mstari sekunde 5, na safu za muda, chakula, chuma, majengo na wakazi. Chezeni ufunguzi kwa mkono bila kontena lolote.

Anayeanza na mgodi anabaki na chuma 15. Mgodi unakamilika sekunde ya 15, na unatoa chuma 4 sekunde ya 25 na tena ya 35. Hapo ana 23, ananunua shamba, anabaki na 3. Shamba linakamilika sekunde ya 50 na chakula chake cha kwanza kinafika sekunde ya 60, wakati wakazi watano wameshamaliza 30 zote. Anapata 3, wanaliwa 5, anapata 3, wanaliwa 5. Sekunde ya 80 amekufa. Hapo nimehesabu uzalishaji kabla ya ulaji. Kama msimbo wenu unalisha kwanza, anakufa sekunde ya 70. Angalieni mpangilio huo, kwa sababu sekunde kumi nzima zimejificha kwenye mistari miwili tu ya msimbo.

Anayeanza na mashamba mawili anapata chakula 6 kwa ulaji wa 5, kwa hiyo hafi. Lakini ana chuma 0 na hana mgodi. Dakika ya kwanza na ya pili wakazi wapya wawili wanaingia kwa kuwa akiba inazidi 20, ulaji unafika 7, chakula kinaanza kushuka taratibu, na baada ya kama dakika 6 naye anakufa asipoangushiwa kontena. Tangu sekunde ya kwanza hajafanya uamuzi hata mmoja. Mwenye kujenga shamba moja na kusubiri na chuma 20 mkononi ataishia kwenye njia hiyo hiyo, kwa sababu mgodi unataka 25.

Kwa maneno mengine, hakuna ufunguzi unaoshinda. Kinachowaokoa waliookoka ni kontena. Na si kontena lolote: kwa aliyeanza na mgodi, la sekunde ya 30 linamwokoa, lakini la sekunde ya 60 linamchelewea. Analipokea, ananunua shamba la pili, na chakula cha shamba hilo kinatoka sekunde ya 85, sekunde 5 baada ya kifo. Kwa kuwa nafasi ya kontena la sekunde ya 30 ni moja kati ya nne, watatu kati ya wanne wanaoanza na mgodi watakufa hata wawe hodari namna gani. Ndiyo maana kubadilisha namba kwa kubahatisha hakukusaidia: mlikuwa mkipima bahati.

Rekebisho la kwanza ni dogo hadi linachekesha. Pandisheni chuma cha kuanzia kutoka 40 hadi 45. Sasa mchezaji anaweza kununua mgodi na shamba kwa pamoja. Shamba linaanza kutoa sekunde ya 25, mgodi unampa chuma 20 kufikia sekunde ya 65, shamba la pili linazaa sekunde ya 90, na akiba ya chakula inashuka hadi 8 tu kabla ya kuanza kupanda. Ni kubana kuzuri: anaona hatari, anaipita, anajua ni yeye aliyeipita. Msikimbilie kumpa 65 ili anunue vyote vitatu. Mkifanya hivyo, ufunguzi unakuwa vibonyezo vitatu visivyo na swali ndani yake.

La pili, ondoeni kukwama. Mashamba mawili mwanzoni bado yatamwacha na chuma 5 bila njia ya kupata kingine. Wapeni wakazi wasio na kazi uwezo wa kuokota chuma 1 kila mmoja kila sekunde 20. Wakazi watatu wanaleta 9 kwa dakika, kwa hiyo aliyekosea atafika kwenye bei ya mgodi baada ya dakika mbili na kidogo. Kosa linamgharimu bila kumfungia mlango. Gemu yoyote ya rasilimali inahitaji chanzo kimoja cha namna hii, kidogo na kisichokauka kamwe.

La tatu, kontena. Bahati si adui, ila inapaswa kuja kabla ya uamuzi badala ya kuja kuuhukumu. Litangazeni sekunde 20 kabla halijashuka, na likishuka mchezaji achague: chuma 15 au chakula 15. Kontena la kwanza lishuke daima katika muda ule ule, kwa mfano sekunde ya 60, na bahati ianze na la pili.

Tugeukie waliotajirika, ambako kwa maoni yangu ndiko kwenye funzo kubwa zaidi. Mgodi unalipa gharama yake baada ya sekunde 62 na nusu za kazi, pamoja na 15 za ujenzi. Baada ya hapo kila kinachotoka ni faida, na faida inanunua mgodi mwingine. Huu ni mzunguko unaojilisha: kadiri unavyokuwa nacho ndivyo unavyopata zaidi. Hakuna ubaya, ndio utamu wa gemu hizi. Ubaya ni pale ambapo hakuna kinachouvuta upande wa pili.

Chukueni koloni yenye wakazi 9: mashamba 3 yanawalisha wote, migodi 6 inatoa chuma 24 kila sekunde 10, yaani 144 kwa dakika. Mtatumiaje? Mkazi mpya ni mmoja kwa dakika, na kila jengo linahitaji mkazi, kwa hiyo ununuzi wa juu kabisa ni jengo moja la chuma 25. Zinaingia 144, zinatoka 25. Tangi lenye bomba la inchi nne na tundu la sindano litafurika tu, hata mkibadilisha rangi ya maji.

Wengi watawashauri mpandishe bei kila jengo linaponunuliwa. Kuzidisha kwa 1.15 kumezoeleka, gemu ya kubofya Cookie Clicker ya 2013 inafanya hivyo na inafanya vizuri. Lakini piga hesabu kwenu: mgodi wa sita utagharimu takriban chuma 50 badala ya 25. Bado ni 144 dhidi ya 50. Kupandisha bei kunafaa pale ambapo mchezaji anaweza kununua bila kikomo, na ninyi kikomo chenu ni watu. Kwa hiyo dawa hiyo, ingawa ni nzuri kwa wengine, haigusi ugonjwa wenu.

Kinachowafaa ni matumizi yanayokua pamoja na koloni. Wekeni gharama ya matengenezo: chuma 2 kila sekunde 10 kwa kila jengo, kuanzia jengo la tano. Hiyo "kuanzia la tano" ni muhimu kupita kiasi. Mkitoza tangu jengo la kwanza, mwenye mgodi mmoja na mashamba mawili atadaiwa 6 huku akiingiza 4, na mtakuwa mmerudisha kifo cha mwanzoni kwa mlango wa nyuma. Kwa koloni ya majengo 9, matano yanalipa, 10 zinatoka, na zinabaki 14 kila sekunde 10, yaani 84 kwa dakika. Jengo lisilolipiwa lisivunjike. Lisimame tu hadi lilipiwe. Kuvunjika kunazaa maporomoko: mgodi mmoja unaanguka, chuma kinapungua, wa pili unaanguka, na mchezaji anatazama kifo chake kwa dakika moja bila la kufanya.

Kisha wapeni mwisho. Mnara wa mawasiliano wenye hatua tatu, chuma 80, 160 na 240, na kila hatua ichukue wakazi 2 kutoka kazini hadi ikamilike huku wakiendelea kula. Ghafla chuma kina pa kwenda, na kuna swali la kweli: nianze hatua ya pili sasa nikiwa na chakula 12, au nijenge shamba kwanza? Gemu ya jamu ikiisha ndani ya dakika 8 hadi 10 inatosha kabisa. Atakayeipitia kwenye maonyesho yenu hatakaa nusu saa.

Kuhusu oksijeni, ushauri wangu ni hapana. Kama itazalishwa na jengo, kuliwa na wakazi na kuua ikiisha, basi ni chakula chenye jina jingine. Itaongeza vitufe bila kuongeza uamuzi. Rasilimali mpya inastahili nafasi pale tu inapomlazimisha mtu kutoa kitu kwa ajili ya kitu, na mnara umeshaifanya kazi hiyo kwa rasilimali mlizonazo.

Majanga ni suala la namna. Dhoruba inayochukua chuma 20 itamfilisi mwenye 22, na mwenye 600 hatainua hata kichwa. Inampiga maskini na kumwacha tajiri, kinyume kabisa na mnachotaka. Ikichukua asilimia 10 inawagusa wote kwa uwiano. Bora zaidi ni janga la kuchagua: onyo la sekunde 20, kisha mchezaji aamue kusimamisha migodi yote kwa sekunde 15 au kuacha mmoja uharibike. Lakini wekeni jambo hili mwishoni kabisa mwa orodha, na likikosa muda lisiingie.

Kabla ya majanga kuna kazi ambayo ningeipa siku nzima: kumwonyesha mchezaji mwelekeo. Nadhani skrini yenu inaonyesha "Chakula 18" na basi. Kumi na nane ni nyingi au kidogo? Hawezi kujua bila kuhesabu vichwa. Andikeni kando yake kasi halisi, "+3 −5", na chini yake "kinaisha baada ya sekunde 90". Chakula 18 kwa upungufu wa 2 kila sekunde 10 ni sekunde 90, hesabu ambayo mashine inaifanya bure. Jengo linapojengwa, liwe na mstari wa muda unaojaa, kwa sababu zile sekunde 15 za ujenzi na 10 za kusubiri zao la kwanza ndizo zinazowadanganya watu: wanaona njaa, wanajenga, hawaoni mabadiliko, wanajenga tena, kisha wanajikuta na mashamba manne na chuma sifuri. Wahandisi wa mifumo wanaijua tabia hiyo vizuri. Kila palipo na ucheleweshaji usioonekana, watu huzidisha dozi.

Mkimaliza, pimeni. Gemu iandike faili la kumbukumbu: kila sekunde 5 mstari mmoja wenye muda, chakula, chuma, wakazi na majengo, na mstari wa ziada kila mchezaji anaponunua au kufa. Andikeni pia wachezaji bandia wawili wenye kanuni rahisi, mmoja wa "mgodi kwanza" na mwingine wa "shamba kila chakula kikiwa chini ya 15", na waacheni wacheze mara 1,000 bila kuchora picha. Kama yule mjinga wa "mgodi kwanza" anashinda mara nyingi kuliko yule mwenye busara wa shamba, mnajua pa kuangalia. Bandia hawatawaambia kama gemu inafurahisha, lakini watawaonyesha pale ambapo bahati inaamua.

Badilisheni namba moja kwa kila jaribio na kuiandika. Na toleo mlilowasilisha kwenye jamu lihifadhiwe kando lilivyo. Kama upigaji kura bado unaendelea, someni kanuni za jamu yenu kabla ya kupakia lolote jipya, maana baadhi huruhusu kusahihisha hitilafu tu.

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayatoshi. La kwanza ni kumtazama mtu akicheza. Tafuteni watu watano ambao hawajawahi kuiona gemu, mmoja mmoja, na kaeni kando yao kimya. Msieleze kitu hata akikwama. Andikeni ni sekunde ya ngapi alibonyeza jengo la kwanza, macho yake yalikuwa wapi alipokufa, na alisema kifo kimetokana na nini. Asipoweza kutaja sababu, tatizo ni la skrini, si la namba. La pili, kama baada ya kurekebisha saa bado gemu inakwenda tofauti kwenye kompyuta mbili, msihangaike peke yenu kwa wiki nzima. Mwombeni mwalimu wa programu au mwanafunzi wa mwaka wa juu akae nanyi akiwa na mashine zote mbili mezani. Mara nyingi huwa ni kipima muda cha pili kilichosahaulika kwenye faili la mtu mmoja, na macho mapya hukiona ndani ya saa moja.

La tatu ni iwapo mnawaza kuiuza. Kabla ya kuweka bei popote, wanne wenu andikeni nani amefanya nini na mtagawanaje, kagueni leseni za kila picha na sauti mliyopakua usiku ule wa pili, kisha mwoneni mtu wa chuo anayeshughulikia hakimiliki za kazi za wanafunzi. Vyuo vingine hudai sehemu, vingine havidai, na kanuni hizo huwa zimeandikwa.